Damu ilichukuliwa Novemba, ikatafutwa Januari: kisa cha huku juu Newala na kilichofanyika vitani 1917

Kisa chenyewe ni hiki. Mwisho wa Januari, hospitali moja huku juu kati ya Newala na Tandahimba, jina naliacha na wahusika pia siwataji, mama wa uzao wa nne kajifungua kama saa nne usiku, mtoto analia vizuri, kondo la nyuma limetoka lote, alafu damu ikaanza kumtoka na haikatiki. Nesi wa zamu kafanya yote anayotakiwa kufanya, sindano ya oksitosini, kukanda mfuko wa uzazi, drip mikono yote miwili, kamuita daktari, daktari kaja, presha inashuka tu. Daktari akaandika damu chupa nne. Mama ni kundi O positivu. Kwenye friji ya maabara kulikuwa na chupa za A, kulikuwa na B, na ya O ilikuwa moja tu.

Mtu wa kundi O anapokea O peke yake, ndo shida yake kubwa. Yeye akitoa inasaidia wengi, yeye akihitaji mlango ni mmoja. Na mama akivuja damu hivyo baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili, kwa hiyo hapo hakuna muda wa kupanga mipango.

Mi najitolea kwenye uhamasishaji, huwa naongozana na timu ya damu ikienda mashuleni na minadani, ndo mana kisa hiki nilipokisikia nikakifuatilia. Nimeongea na kijana wa maabara aliyekuwa zamu, nimeongea na nesi, na nimekaa na mjomba wa yule mama. Kila mmoja alikuwa analaumu sehemu yake, na nilipoziweka pamoja nikaona tatizo halikuanza usiku ule wala halikuwa la mtu mmoja. Naomba nilieleze lote mana naamini litajirudia Masasi, litajirudia Nachingwea, litajirudia popote ambapo gari la damu linakuja mara mojamoja.

Tuanze na usiku wenyewe. Chupa ile moja ya O ikafanyiwa krosimechi, yaani kuangalia kama inapatana na damu ya mama, akatundikiwa. Ndugu wakaambiwa watoe. Mume alikuwa A, haimfai mkewe. Kaka yake B. Dada mtu mmoja alikuwa O lakini ananyonyesha na wingi wa damu uko chini, hakuweza. Shemeji mwingine O safi kabisa ila kwenye kipimo cha haraka akakutwa na homa ya ini B, na hapo jamani fikirieni, mtu kaja kuokoa ndugu saa sita usiku anaondoka na habari ya ugonjwa wake mwenyewe ambayo hakuwa amejiandaa kuisikia. Ndo maana wataalamu hawapendi mtindo wa kukimbizana na ndugu usiku. Ndugu anatoa kwa sababu hana jinsi, wengine wanaficha mambo yao kwenye maswali ili wasionekane wamekataa, na vipimo vya haraka havina uhakika sawa na vya maabara kubwa.

Mjomba ndo alikuwa mkubwa wa ukoo pale, na kwa watu wa huku mnajua, mambo ya mpwa anayeamua ni mjomba. Kijana wa maabara akamuamkia, "Shikamoo mjomba", na mzee akaitikia marahaba alafu hakuzunguka.

"Mwanangu, mwezi wa kumi na moja gari la damu lilikuja hapo shuleni, nimeliona kwa macho yangu, watoto wametoa damu kutwa nzima. Leo mpwa wangu anaisha mnaniambia damu hamna. Ile mmeipeleka wapi?"

"Mjomba, ile ilienda Mtwara kupimwa."

"Ikishapimwa si inarudi?"

Kijana hakuwa na jibu, na alikuwa na sampuli mkononi.

Aliyemaliza usiku ule ni dereva wa bodaboda. Kijana wa maabara alikuwa na namba yake kwenye simu kwa sababu ni O na alishachangia mwezi wa nane kwenye mnada, majibu yake yote yalikuwa safi. Alipigiwa simu akaja, akapimwa upya kila kitu, akalala kitandani, mfuko ukajaa. Chupa ya tatu na ya nne zikaja alfajiri na gari la wagonjwa kutoka Mtwara mjini, na njia ile kipindi cha mvua kila mtu anaijua. Mama akapona. Nashukuru Mungu, na nawashukuru wote waliokuwepo, lakini namba ya simu ya mtu mmoja wa bodaboda haiwezi kuwa ndo mpango wetu.

Asubuhi maneno yakasambaa kijijini: damu ya watoto wetu imeuzwa. Sikubaliani nayo, ila nayaelewa yametoka wapi, na mtu akikaa kuyajibu kwa hasira atapoteza wachangiaji wa miaka mitatu mbele.

Sasa turudi Novemba. Ile siku shuleni nilikuwepo. Timu ilifika asubuhi na Landcruiser, vitanda vya kukunja vinne, maboksi ya baridi, kreti za soda na biskuti. Waliotoa ni wa kidato cha tano na cha sita wenye miaka 18 kwenda juu, pamoja na walimu. Kwanza fomu na maswali ya faragha, alafu uzito, chini ya kilo 50 hutoi. Alafu kidole kinachomwa, tone la damu linadondoshwa kwenye chupa ya maji ya bluu, hayo ni kopa salfeti. Tone likizama haraka wingi wa damu unatosha, likining'inia katikati au kupanda juu unaambiwa kaka, dada, nenda kale vizuri urudi siku nyingine. Wasichana wengi walirudishwa hapo, na mmoja alilia kweli, alitaka sana kutoa. Anayepita analala, mshipa unatafutwa, mililita 450 zinaingia kwenye mfuko huku mtu anautikisa taratibu ili damu ichanganyike na yale maji yaliyomo ndani.

Yale maji shikilieni hapohapo nitayarudia.

Jioni mifuko na sampuli vikaenda Mtwara kwenye kituo cha Kanda ya Kusini, mana damu ya mpango wa taifa inapimwa sehemu kuu: UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, pamoja na kundi. Huo utaratibu ni sahihi na mi siupingi hata kidogo, kabla mpango wa Damu Salama haujaanza mwaka 2004 nchi ilitegemea sana hao ndugu wa saa sita usiku. Ikishapimwa inakaa kwenye friji ya nyuzi 2 mpaka 6, na kwa mifuko tunayotumia damu nzima inadumu siku 35. Hesabu mwenyewe. Damu ya katikati ya Novemba ikifika wiki ya tatu ya Desemba muda umeisha. Kwa hiyo hata kama chupa zote za siku ile zingerudi huku juu kesho yake asubuhi na zikapangwa kwenye friji ya hospitali, mwisho wa Januari isingekuwepo hata moja. Hii ndo sehemu ambayo hakuna aliyemwambia mjomba, na nilipomueleza alikaa kimya kidogo akauliza, kumbe na yenyewe inaharibika? Ndio mjomba, inaharibika.

Lakini kuna jambo la pili, na hili ndo lililonisumbua zaidi. Wanaume wanachangia kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Siku ile tulichukua O zote. Walimu wa O, wanafunzi wa O, mpaka mpishi wa shule. Mwisho wa Januari shule imeshafunguliwa, wale vijana wako pale kilomita chache kutoka hospitali, wazima, wamepimwa, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kutoa kwa sababu miezi mitatu haijafika. Yaani kwa siku moja tulijaza friji ya mbali na tukamaliza akiba ya karibu inayotembea kwa miguu, yaani watu wenyewe, kwa wakati mmoja. Na mvua huku kwetu zinaanza Desemba, malaria inapanda, watoto wanaishiwa damu, mahitaji yanaongezeka kuanzia Januari kwenda mbele. Desemba shule zimefungwa hakuna pa kukusanya. Ukitaka kupanga ratiba mbaya kwa makusudi usingeweza kuipanga vizuri kuliko ile.

Hapo ndo nikaanza kusoma hii kazi ilianzia wapi, na jibu ni vitani, vita kuu ya kwanza, na sehemu ya hiyo vita ilipiganwa hapahapa.

Oktoba 1917, tarehe 15 mpaka 18, Mahiwa, pale karibu na Nyangao ukitoka Lindi kwenda Masasi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake upande mmoja, upande wa pili jeshi la Waingereza ambalo ndani yake walikuwa Wanaijeria wengi. Ni moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote ya Afrika Mashariki kwenye vita ile, wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa na kujeruhiwa walipita 2,000, na wapagazi waliokuwa wanabeba mizigo ya pande zote mbili hata hesabu zao hazikutunzwa vizuri. Askari aliyepigwa risasi ya paja Mahiwa akavuja, alifungwa bandeji, akabebwa kwenye machela, akaishia hapo.

Mwezi uliofuata, Novemba 1917, kwenye mapigano ya Cambrai kule Ufaransa, daktari wa jeshi la Marekani anaitwa Oswald Robertson alifanya kitu ambacho kabla yake vitani hakikuwepo. Mpaka wakati ule kuongezewa damu kulitaka mtoaji awe pale pale karibu na mgonjwa, na damu itumike muda huohuo. Robertson akakusanya damu mapema kabla mapigano hayajaanza, kutoka kwa askari wa kundi O, akaiweka kwenye chupa za kioo zenye sitreti na glukosi, akaihifadhi kwenye barafu, akaisafirisha mpaka kituo cha majeruhi kilichokuwa karibu na mstari wa mbele. Majeruhi wakaanza kufika, damu ipo. Sitreti ndo inazuia damu isigande, ilianza kutumika 1914, na watafiti Rous na Turner wakaonyesha 1916 kwamba ukiongeza glukosi chembe za damu zinaishi muda mrefu zaidi. Yale maji kwenye mfuko wa shuleni, kama mililita 63 kwa mfuko wa 450, ndani yake kuna sitreti ileile na sukari ileile, vimeongezwa vitu vingine tu ili ifike siku 35.

Mi hili linanigusa sana. Kati ya Mahiwa na Cambrai kuna wiki tano tu hivi. Na usiku ule wa Januari hospitali yetu ilikuwa bado iko upande wa kabla ya Novemba 1917, mgonjwa huku, mtoaji kitanda cha pili, mtu anakimbia katikati.

Alafu ikaja Hispania. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilianza Julai 1936, na pale Barcelona daktari Federico Duran Jordà akaanzisha huduma ya kukusanya damu kwa raia wa kujitolea, O, akaichuja na kuichanganya ya watu kadhaa kwenye chupa moja, na gari lenye friji likawa linaipeleka mpaka uwanja wa mapambano wa Aragon. Madrid, mwisho wa mwaka huohuo, Mkanada Norman Bethune alikuwa na gari lake likizunguka na chupa za damu kwenda hospitali za mstari wa mbele, wachangiaji wakiitwa kwa redio na magazeti. Yeye alifia China 1939 kwa maambukizi ya damu akihudumia majeruhi. Duran Jordà alikimbilia Uingereza mwaka huohuo na ujuzi wake, na vita kuu ya pili ilipofika London damu ilikuwa inasambazwa hata kwa magari ya kuuzia aiskrimu kwa sababu tayari yalikuwa na baridi. Wamarekani nao, 1941, Charles Drew akiwa msalaba mwekundu New York, ndo wakaanza yale magari ya kuwafuata wachangiaji walipo. Huyu Drew alikuwa mtu mweusi, na huohuo msalaba mwekundu wa wakati ule mwanzoni ulikataa damu ya weusi, baadaye ukaipokea ukaitenga na ya wazungu, jambo ambalo halikuwa na sababu yoyote ya kitaalamu na Drew alilisema.

Nimeleta haya yote kwa sababu moja. Angalieni hao watu wa Barcelona na Madrid, gari lao lilikuwa linapeleka. Kukusanya kulifanyika mjini kwenye watu, na safari ngumu, ya hatari, ya kutumia mafuta mengi, ilikuwa ya kuifikisha kwa anayevuja. Kwetu gari la damu limebaki kwenye akili za watu kama gari la kuchukua. Linakuja na maboksi matupu linaondoka na maboksi yamejaa, na wanakijiji wanaona upande huo tu, mwaka baada ya mwaka. Swali la mjomba lilikuwa sahihi kabisa.

Na kwenye kisa hiki nimeuliza, upande wa kurudi ulikatikia wapi? Nilidhani nitaambiwa Mtwara hakukuwa na damu. Hapana, ilikuwepo, ndo mana alfajiri zilikuja mbili. Kilichokosekana ni oda. Hospitali ilikuwa haijaagiza O tangu kabla ya Krismasi. Aliyekuwa anashughulikia oda alikuwa likizo, aliyemshikia nafasi hakujua kuna kiwango cha chini ambacho ukikifikia lazima uagize, na friji ukiifungua ilikuwa inaonekana ina chupa kadhaa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Chupa kadhaa za A na B. Karibu nusu ya Watanzania ni O, friji ya hospitali ya uzazi yenye O moja ni friji tupu hata kama imejaa mpaka mlangoni. Wala sio gharama kubwa kuligundua hilo, ni kufungua mlango kila asubuhi na kuandika O ngapi.

Mtwara yenyewe ina historia ya hii kazi ya majeruhi na watu wanaisahau. Wakati wa vita ya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO walikuwa na hospitali yao mjini hapa, Hospitali ya Dr Américo Boavida, majeruhi wanavushwa Ruvuma kutoka Cabo Delgado wanaletwa huku. Wazee wa Mtwara mjini wapo wanaokumbuka. Sisi sio wageni wa kumsubiri mtu anayevuja damu kutoka mbali.

Sasa kilichobadilika baada ya kisa. Kwanza daftari. Hospitali ile sasa ina orodha ya wachangiaji wa O walio karibu, wamepimwa, na tarehe ya mwisho waliyotoa imeandikwa pembeni. Jeshi la Marekani lilikuwa linafanya hivohivo Iraq na Afghanistan, askari wa kambini wanapimwa mapema na kuorodheshwa, damu ya friji ikiisha wanaitwa. Yule wa bodaboda ndo jina la kwanza, na amewaleta wenzake wa kijiweni. Pili, timu ikija tena shuleni tumekubaliana O wasitolewe wote siku moja, wengine wanapimwa kundi na kuandikwa tu, wanabaki akiba mpaka waitwe. Hili halikupita kirahisi, mana timu inapimwa kwa idadi ya chupa na kumwambia mtu mzima aliyekuja kwa hiari asitoe leo ni kazi, ila mi naona ndo badiliko kubwa kuliko yote na nitalipigania. Tatu, friji inahesabiwa asubuhi na O zikifika tano simu inapigwa Mtwara siku hiyohiyo.

Ambacho bado ni mafuta. Gari likitumwa kukusanya lina bajeti, likitumwa kupeleka chupa sita linaonekana hasara, kwa hiyo mpaka leo damu inapanda na gari lolote linalotokea kuwa na safari, ikipatikana nafasi. Nimependekeza gari la kukusanya lisipande na maboksi matupu, lije na oda ya hospitali za njiani, liishushe kwanza, ikiwezekana wachangiaji waone boksi likishuka na chupa zikiingia ndani ndo wao wapande vitandani. Hili halihitaji safari ya ziada. Nimeambiwa litajadiliwa.

Na mjomba kaenda kwenye mkutano wa AMCOS yao, chama chao cha ushirika cha wakulima, kalisimamia mwenyewe, anataka siku moja ya mnada wa korosho timu ya damu iwepo, mana Desemba shule zimefungwa ila wakulima wako hapohapo ghalani wanasubiri malipo, watu wazima, wengi wana uzito wa kutosha, na damu ya Desemba inavuka mpaka Januari. Katibu kakubali, kasema tu tusimpe tarehe sasa hivi, ratiba ya minada ikitoka Oktoba atatupigia.